Mbio za Ngazi, Njano na Bluu

Lifti ya Jengo la Njano ilikufa asubuhi ya Jumatatu ikiwa na fundi cherehani wa ghorofa ya tano ndani yake, na kabla jua halijazama kila mpangaji alikuwa ameshapata mtu wa kumlaumu. Wote walimpata mtu yuleyule: Mama Marufuku.

Haikuwa haki, lakini ndivyo ilivyo kazi ya kusimamia jengo. Bomba likipasuka, Mama Marufuku. Taa ya ngazini ikiungua, Mama Marufuku. Jina lenyewe alipewa na watoto, na hawakumsingizia, maana ni yeye aliyeandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu, kwenye kuta za ua: MARUFUKU KUCHEZA MPIRA. MARUFUKU KUKIMBIA. MARUFUKU KURUKA KAMBA MBELE YA MILANGO. Hakuwa na roho mbaya. Mwenye jengo alikuwa amemwambia waziwazi kwamba siku kioo kitakapovunjika tena, au mtoto wa mtu atakapovunjika mguu, atafute kazi nyingine. Naye alikuwa mjane, anaishi kwenye vyumba viwili pale chini kwa sababu ya kazi hiyohiyo. Basi alizishika sheria zake kwa mikono miwili.

Jengo lilikuwa na ghorofa sita. Ng'ambo ya ua lilisimama pacha wake, Jengo la Bluu, lililojengwa na fundi yuleyule, kiasi kwamba ukiondoa rangi usingejua lipi ni lipi. Ngazi za majengo yote mawili zilitazama uani, zimezungushiwa vyuma tu, hivyo aliyesimama chini aliweza kumwona kila anayepanda na kila anayeshuka. Na katikati ya ua, mahali ambapo watoto wangeweza kucheza kama si marufuku, lilikaa gari la Mhasibu wa ghorofa ya nne, mwenyekiti wa wapangaji. Gari lilikuwa halijawaka miaka na miaka. Lilikalia matofali, na paka walikuwa wameshazalia ndani yake.

Kilichomnyima usingizi Mama Marufuku, hata hivyo, hakikuwa lifti wala gari. Kilikuwa mjukuu wake.

Binti alikuwa na miaka kumi na minne, na alihamia kwa bibi yake baada ya mama yake kupata kazi ng'ambo. Tangu afike, maisha yake yalikuwa shule, kitanda na simu. Alikula kwa mkono mmoja, simu kwenye mkono wa pili. Ukimwuliza jambo, anasema "Mm." Ukimwuliza tena, "Mm-mm." Jioni aliketi dirishani, uso umemulikwa na kioo cha simu, na watoto wa jengo walimpita kama wanavyoipita sufuria iliyoanikwa.

"Mjukuu wangu, toka nje upate hewa," bibi yake alimwambia kila siku.

"Nikafanye nini nje, Bibi?"

Mama Marufuku aligeukia ndoo yake, kwa sababu kila ambacho mtoto angeweza kufanya nje, yeye mwenyewe alikuwa amekipiga marufuku kwa brashi.

Basi siku ile lifti ilipokufa, vijana walibandua mlango wake kwa chuma, wakamtoa fundi cherehani akiwa amelowa jasho. Alipanda kwa miguu hadi kwake akiapa kuwa hatashuka tena mpaka lifti ipone. Kwa ile hasira akasahau chini mfuko wake wa mkasi na nyuzi.

"Mpelekee fundi vitu vyake," Mama Marufuku alimwambia mjukuu wake.

"Ghorofa ya tano? Kwa miguu?"

"Kwani utapanda kwa masikio?"

Binti alitoka amenuna, anaburuta ndala. Mama Marufuku akarudi kwenye ndoo yake ya kusafishia. Hakupita muda mrefu, akasikia kishindo ngazini. Dum, dum, dum, dum. Miguu, tena mingi, inakimbia. Akatupa tambara, akatoka mbio huku ameshafungua mdomo tayari kwa lile neno lake.

Akatazama juu. Kundi la watoto lilikuwa linapanda kwa fujo kutoka ghorofa ya pili kwenda ya tatu, wanasukumana, wanacheka, na mbele yao wote, mbali kabisa, alikuwa mjukuu wake. Ndala ameshika mkononi. Nywele zinaruka. Anapanda ngazi mbili kwa mpigo kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo, na anacheka, tena kicheko cha tumboni, ambacho bibi yake hakuwahi kukisikia tangu mtoto huyo afike pale na sanduku lake.

"Mar..." alianza Mama Marufuku. Kisha akaufumba mdomo, akaenda kuokota tambara lake.

Jioni hiyohiyo binti alipata jina. Kadogo, mtoto wa Mhasibu, msichana wa miaka tisa aliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko kimo chake, alisimama uani akatangaza: "Lifti ya umeme imekufa, lakini tumepata Lifti ya miguu! Haishikiki!" Tangu saa hiyo mjukuu wa Mama Marufuku akaitwa Lifti na kila mtu, hata na bibi yake.

Kesho yake mchana, Muuguzi wa ghorofa ya tatu alishuka akiwa na gauni la kulalia, macho mekundu kama pilipili. Alikuwa mwanamke kijana anayefanya kazi zamu ya usiku.

"Mama," alisema, akijitahidi kuwa na heshima, "mimi usiku kucha niko wodini. Mchana ndio nalala. Sasa niambie, kuna farasi wangapi kwenye ngazi zako?"

Mama Marufuku aliwaita watoto wote, wakapanga mstari, vichwa chini.

"Nani kinara wenu?" Muuguzi aliuliza.

Vidole vyote vikaelekea kwa Lifti. Muuguzi alimtazama, akakunja uso, akamtazama tena. "Huyu? Si yule anayekaa dirishani na simu kila nikienda kazini?"

"Ndiye," alisema Mama Marufuku kwa sauti ndogo.

Muuguzi akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Hasira ilianza kumtoka kama upepo kwenye puto. "Haya, nisikilizeni. Nikilala, hakuna mbio. Mtaanza jioni, nikishaamka. Mtakimbia kupanda tu. Kushuka ni kutembea, mkono kwenye chuma, na nikimkamata anayeruka ngazi akishuka atanitambua. Na ndala mvue, vaeni raba au mkimbie peku."

"Na mtoto akianguka?" Mama Marufuku aliuliza. "Si mimi nitakayemwaga unga?"

"Akianguka kwa kupanda atachubuka goti, na mimi nipo. Hiyo ndiyo kazi yangu, mama. Lakini wakiendelea kukaa vile walivyokuwa wanakaa, nitakutana nao wodini wakiwa wakubwa, na shida yao haitakuwa goti."

Hivyo ndivyo mbio za ngazi zilivyopata ruhusa, ingawa hakuna aliyeitoa kwa maneno. Jioni magodoro ya zamani yaliwekwa kwenye kila kona ya ngazi ili anayepitiliza asijigonge ukutani. Watoto walikimbia mmoja mmoja huku wengine wakihesabu kwa kelele. Waliokuwa hawajawahi kusalimiana wakaanza kuitana kwa majina ya utani kutoka ghorofa hadi ghorofa. Lifti alirudi ndani ya nyumba jasho likimtiririka, akala kwa mikono yote miwili, akalala kama gogo. Simu iliishiwa chaji mezani na hakuna aliyeitafuta.

Fundi wa lifti alikuja katikati ya wiki. Alifungua, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Kipuri kimekwisha kabisa. Mpaka kiagizwe. Itachukua muda."

Watoto waliomzunguka walilipuka kwa makofi na vifijo kana kwamba ametia bao. Fundi wa watu aligeuka haraka akajipapasa nyuma, akidhani suruali imechanika.

Vifijo hivyo vilivuka ua. Kule Bluu alikuwepo kijana mmoja mrefu, mwembamba, aliyependa kuegemea vyuma vya ghorofa ya pili kama vile analipwa kuvilinda. Wenzake walimwita Mkuki. Jioni hiyo, Lifti alipokuwa amefika juu na kuinua mikono, Mkuki alipaza sauti.

"Nyie Njano! Mnapanda ngazi kama mmebeba magunia!"

Ua ukatulia. Mama Marufuku, aliyekuwa anamwaga maji machafu, alisimama na ndoo yake. Alimwona mjukuu wake akishika vyuma vya ghorofa ya sita na kuinama. Moyoni alijua mtoto atanyamaza.

"Njoo ushindane basi!" Lifti akajibu. "Au hiyo miguu yako ni ya kuegemea tu?"

"Aaaah!" Majengo yote mawili yaliitikia kwa pamoja. Mkuki akajiondoa kwenye vyuma kwa mara ya kwanza tangu watu wamfahamu.

"Jumamosi!" alifoka.

"Jumamosi!"

Muuguzi ndiye aliyetunga masharti, kwa kuwa pande zote mbili zilimwamini. "Kama mnashindanisha majengo," alisema, "basi jengo lote likimbie. Kila timu watu wanne wa kupokezana: mwenye mvi, mzazi, mtoto, na kijana. Mwenye mvi anaanzia chini mpaka ghorofa ya kwanza. Mzazi anapokea mpaka ya tatu. Mtoto mpaka ya nne. Kijana anamalizia mpaka juu, anagonga sufuria. Sufuria itakayolia kwanza ndiyo imeshinda."

Ndipo Mhasibu aliposhuka. Alikuwa mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na sauti ya kikao. Alisimama kando ya gari lake, mkono juu ya boneti kama mtu aliyeshika bega la ndugu yake.

"Mimi kama mwenyekiti sijapendezwa," alisema. "Ngazi ni za kupandia. Leo mbio, kesho watataka ua mzima."

"Ua mzima hatutaki, Baba," Kadogo alisema. "Tunataka pale gari lilipo tu."

Watu wakacheka. Mhasibu akapandwa na hasira. "Vizuri! Mkiwashinda Bluu, gari hili nitaliondoa siku hiyohiyo, mbele ya watu wote. Mkishindwa, mchezo umekwisha na ngazi zirudi kuwa ngazi. Msimamizi, umekubali?"

Macho yote yalimgeukia Mama Marufuku.  Alifikiria mwenye jengo, akafikiria vyumba vyake viwili, kisha akamwona Lifti kwenye kona ya ngazi, amebana pumzi.

"Nimekubali," alisema. Na kabla ujasiri haujamtoka, akaongeza: "Na mwenye mvi ni mimi."

Kazi ikaanza. Kila alfajiri Lifti alimwamsha bibi yake kwa kumvuta vidole vya miguu. Mama Marufuku alivaa raba alizoazima kwa fundi cherehani, zenye mistari ya waridi, na gauni amelikunja mpaka magotini.

"Usitazame juu, Bibi. Tazama ngazi inayofuata tu."

"Nikitazama chini naona magoti yanavyolia."

"Yaache yalie. Vuta pumzi kwa pua. Haya, tena!"

"Tena? Mtoto wewe umetumwa uniue?"

Lakini alipanda tena, na tena, na Ijumaa alifika ghorofa ya kwanza bila kushika chuma. Lifti aliruka akamkumbatia, jasho kwa jasho, wote wawili wakihema na kucheka. Mama Marufuku alijikuta anamfikiria Fundi Bomba wa Bluu, mwenye mvi atakayepambana naye, na akagundua kwamba anataka kumshinda. Anataka kweli kweli, kama mtoto.

Jumamosi ua ulifurika. Watu walijipanga kwenye kila kona ya ngazi, wamebeba vifuniko vya sufuria, mabeseni na chochote kinachopiga kelele. Wa Njano walivaa njano au walijifunga taulo la njano. Wa Bluu vivyo hivyo. Fundi cherehani alishuka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya lifti, akiwa amewashonea wakimbiaji wanne wa Njano mikanda ya kichwani.

Ikabaki mikanda mitatu tu kichwani. Baba Pacha, dereva wa lori aliyepangiwa mzunguko wa mzazi, alikuwa ameitwa kazini ghafla, naye akaondoka huku anageuka nyuma kila hatua.

"Mzazi! Nani mzazi?" Lifti aliita. Mmoja alisema mgongo, mwingine akasema ujauzito, na hapo hakuna wa kubishana.

Kadogo, aliyekuwa amevaa mkanda wake mpaka kwenye nyusi, alikwenda moja kwa moja hadi kando ya gari.

"Baba."

"Hapana," alisema Mhasibu.

"Baba, hamna mtu."

"Mwanangu, fikiri kidogo. Nikimbie ili nipoteze maegesho yangu mwenyewe?"

Kadogo alisogea karibu zaidi. Alimtazama tu, mkanda wa nne mkononi. Ua mzima ulimtazama. Mhasibu alitazama gari lake, akatazama mtoto wake, akashusha pumzi ndefu, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Na ukikimbia polepole makusudi nitajua," alisema Kadogo.

Kijiti cha kupokezana kilikuwa mwiko wa kupikia, mmoja kila timu. Mama Marufuku alipokabidhiwa wake, mtu mmoja wa ghorofa ya pili akapiga kelele: "Mama Marufuku kashika mwiko! Leo hakuna kinachoruhusiwa!" Watu wakavunjika mbavu. Fundi Bomba, mzee mwenye miguu mirefu kama ngazi ya kuegemeza, alimwinamia kwa heshima.

"Shikamoo mama, ukitangulia unisubiri juu."

"Nitakusubiri na maji ya kunywa," alimjibu.

Muuguzi aliinua mkono. Kelele zote zikakatika. Mkono ukashuka.

Mama Marufuku hakukumbuka baadaye alivyoanza. Alikumbuka saruji inayokuja usoni, na sauti ya watoto waliokuwa wakilitumia jina lake kama ngoma: "Ma-ru-fu-ku! Ma-ru-fu-ku!" Wale wale aliowafukuza kila siku. Alitazama ngazi inayofuata, na inayofuata, na inayofuata. Kifua kiliwaka. Kwa pembe ya jicho aliona ng'ambo ile miguu mirefu ya Fundi Bomba ikimeza ngazi tatu tatu, akajua ameachwa, lakini hakuachwa mbali, na hilo likamtia kichaa. Aliipiga ile kona ya mwisho kwa bega kwenye godoro, akanyoosha mkono, na Mhasibu akaunyakua mwiko.

Hapo ndipo watu wa Njano walipomwona mwenyekiti wao kwa sura mpya. Shati lililopigwa pasi lilichomoka. Soksi ziliteleza, akazirusha, moja ikatua kichwani kwa mtazamaji. Mbele yake, ng'ambo ya ua, mama mmoja wa Bluu, muuza mboga mwenye mapaja ya kazi, alikuwa anapanda kama treni. Mhasibu alimwangalia mara moja tu. Kisha akatoa mlio, hakuna aliyejua kama ni wa maumivu au wa furaha, akatoka nduki. Ghorofa ya pili akamkaribia. Katikati ya ya pili na ya tatu wakawa sawasawa, hatua kwa hatua, huyu njano, yule bluu, na mabeseni yalipigwa mpaka mengine yakapasuka.

"Baba! Baba! Baba!" Kadogo alikuwa anarukaruka juu, mkono ameutanguliza.

"Shika mwanangu! Kimbia!" Mhasibu alianguka kwenye godoro kifudifudi, mwiko ukiwa umeshaondoka.

Kadogo hakukimbia, aliruka. Mdogo vile, mwepesi vile, alikuwa kama mpira unaodunda kupanda. Mvulana wa Bluu alijikaza lakini wapi. Njano ikaongoza! Mama Marufuku, amekaa ghorofa ya kwanza akihema mdomo wazi, aliinuka akashika vyuma asikose kuona. Kadogo akafika ya nne, akanyoosha mwiko, Lifti akanyoosha mkono, vidole vikagusana, na mwiko ukaponyoka.

Uliruka ukagonga chuma, ukabiringika chini ngazi kadhaa. Ua mzima ulishika vichwa. Kadogo akapiga yowe. Mkuki, ng'ambo, alipokea wake salama akaondoka kama jina lake.

Lifti alishuka, hakuruka, mkono kwenye chuma kama alivyofundishwa, akauokota, akageuka. Kisha akapanda.

Watu wa majengo yale wanaosimulia mpaka leo hawakubaliani kuhusu mambo mengi, ila hili wanakubaliana: hakuna aliyewahi kuona mtu akipanda ngazi namna ile. Kwenye kila kona alishika chuma kwa mkono mmoja akajizungusha mzima mzima bila kupunguza mwendo. Ghorofa ya tano Mkuki alikuwa mbele kwa kona nzima. Katikati ya ya tano na ya sita, nusu kona. Hata watu wa Bluu walianza kumshangilia bila kujijua. Mkuki alisikia kelele zimebadilika, akatupa jicho ng'ambo, akaona zile nywele zinakuja, akaongeza mwendo kwa woga. Wote wawili wakatokea juu. Wote wawili wakainua miiko.

Kang! Kang!

"Njano!" "Bluu!" "Njano kabisa!" "Masikio yako yana nta!" Ua ukachafuka. Watu walibishana kwa mikono, kwa mabeseni, wengine wakagaragara. Muuguzi, aliyekuwa mwamuzi, aliziba masikio yake, akasema wazi kwamba yeye amesikia mlio mmoja tu. Mama Marufuku alitaka kupiga kelele kwamba ni Njano, ni Njano, lakini hakuwa na pumzi.

Ndipo sauti ikatoka juu.

"Nisikilizeni!" Lifti alikuwa amesimama ukingoni mwa ghorofa ya sita, mikono kwenye vyuma, uso unang'aa jasho. "Mimi nilikuwa karibu! Nimeuona mkono wake ukishuka kabla ya wangu! Bluu wameshinda!"

Mabeseni yakashushwa. Kisha akavuta pumzi akaita tena, kwa nguvu zaidi, majengo mawili yakamsikia mpaka vyumbani: "Lakini kwa unyoya tu! Na mwiko ulituponyoka! Tunataka marudiano!"

Mama Marufuku alihisi machozi yakimlenga. Hakujali nani kashinda. Mtoto aliyekuwa anajibu "Mm" alikuwa amesimama juu kabisa ya jengo, anawahutubia watu, na watu wanamsikiliza. Kule Bluu, Mkuki alikuwa ameweka mikono magotini, hana hata nguvu za kujigamba. Alimpungia Lifti mkono mmoja, naye akampungia.

Furaha ilipoanza kupoa, watu wa Njano walikumbuka lile sharti. Mmoja mmoja wakageuza macho kumtafuta Mhasibu. Alikuwa anashuka taratibu, peku, shati nje, mkanda wa kichwani umemfunika jicho moja, na Kadogo amemshika kidole analia kimyakimya.

"Tumeshindwa," Mama Marufuku alimwambia. "Maneno ni maneno, mwenyekiti. Kuanzia kesho, ngazi zitakuwa ngazi."

Mhasibu aliwapita watu. Alikwenda mpaka kwenye gari lake, akaliegemea, akapangusa uso. Alikuwa bado anahema.

"Yule mama muuza mboga," alisema hatimaye, "nilikuwa sawa naye. Mmeona? Sawa kabisa. Kama nisingekuwa na soksi zile ningempita."

"Tumeona, Baba," alisema Kadogo huku anapangusa pua.

"Marudiano lini?"

Watu wakatazamana. Walidhani hawakusikia vizuri.

"Nauliza, marudiano lini? Maana siwezi kushindwa tena kwa kukosa mazoezi, na mazoezi yanataka nafasi." Aligeuka akalitazama gari, akalipiga kofi kwenye boneti. "Hili dude linatuzibia. Vijana wa Njano! Vijana wa Bluu! Nani ana nguvu bado?"

Yaliyofuata yalikuwa patashika kuliko mbio zenyewe. Majengo mawili yalimwagika uani. Paka walitimuliwa, watoto wao wakahamishiwa kwenye beseni la njano. Fundi Bomba alileta mabomba ya chuma wakayapitisha chini ya gari yawe magogo ya kubiringishia. Mkuki na Lifti walishika nyuma, bega kwa bega. Muuza mboga alishika upande wa Mhasibu, na hao wawili walisukuma kwa ushindani mpaka gari likaanza kwenda upande. "Moja! Mbili! Sukumaaa!" Gari lililia, likakoroma, likaachia matofali yake. Lilitoka uani likiwa limezungukwa na nyimbo, likawekwa kando ya ukuta wa nyuma, ambako halikumzibia mtu.

Waliporudi walikuta uwanja mtupu. Doa jeusi la mafuta, matofali, na nafasi kubwa ambayo hakuna aliyejua ilikuwa kubwa kiasi kile.

"Na mwenye jengo?" Mama Marufuku alinong'ona. "Na vioo?"

"Mwenye jengo niachie mimi, hiyo ndiyo kazi ya mwenyekiti," alisema Mhasibu. "Na kama hukumbuki, leo hakuna aliyevunjika mguu isipokuwa mimi kidogo."

"Vioo vya chini nitaviwekea wavu wa waya," alisema Fundi Bomba. "Ninao mwingi, unakaa tu."

Mkuki alitokea mbio kutoka Bluu na mpira kwapani. Papo hapo yakaanza mabishano ya nani acheze na nani, goli liwe wapi, na kama muuza mboga anaruhusiwa kucheza na mapaja yale. Waligawanyika bila kujali rangi. Matofali ya gari yakawa magoli. Timu moja ikapungua mtu.

"Bibi!" Lifti aliita. "Simama golini!"

"Mimi? Miguu hii imekufa!"

"Golini hakuna kukimbia, Bibi! Njoo bwana!"

Mama Marufuku aliingia kati ya matofali na raba zake za waridi, akatanua mikono kama alivyowahi kuona watu wakifanya. Mpira wa kwanza ulimpita katikati ya miguu kabla hajakaa sawa. Ua mzima ulimcheka, na yeye akacheka nao mpaka akashika kiuno, kisha akapandisha gauni, akainama vizuri, akamwambia Mkuki apige tena.